Chombo cha Mirihi kwenye meza ya hewa: shajara ya mradi, Mombasa

12 Julai 2025: Tunachojenga

Tarehe 5 Mei 2018 roketi ya Atlas V iliruka kutoka Vandenberg, California, ikiwa imebeba InSight, mtambo uliokuwa ukienda kutua Mirihi. Roketi hiyohiyo ilibeba vyombo viwili vidogo, MarCO-A na MarCO-B. Kila kimoja kilikuwa na kilo 13.5 na vipimo vya sentimita 36.6 kwa 24.3 kwa 11.8. Havikupangiwa kutua. Kazi yao ilikuwa kusafiri vyenyewe kwa miezi sita na nusu, kupita umbali wa kilomita 3,500 hivi kutoka Mirihi tarehe 26 Novemba, kupokea ishara za InSight ilipokuwa ikishuka, na kuzirusha Duniani papo hapo. Vyote viwili viliifanya kazi hiyo. Viligharimu dola milioni 18.5 kwa pamoja, wakati InSight yenyewe ilipita dola milioni 800.

Siku sita baada ya roketi ile kuruka, tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilitolewa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa mchemraba wa sentimita 10. MarCO na 1KUNS-PF ni za ukoo mmoja, kwa kuwa zote zinafuata vipimo vya CubeSat (setilaiti ndogo zinazojengwa kwa vipande vya mchemraba) vilivyoanzishwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs. Mmoja wa ukoo huo amezunguka juu ya vichwa vyetu, mwingine amefika sayari nyingine. Tunataka kujua, kwa mikono yetu, ni nini hasa kinachowatenganisha.

Basi tunajenga mwili wa mezani wenye ukubwa wa MarCO, unaozunguka kwenye mhimili mmoja tu. Utafute taa (ndiyo Jua letu), uielekee, ubaki umeielekea, kwa kutumia gurudumu la ndani na gesi iliyoshindiliwa. Hatutarusha kitu. Tuko watatu: fundi wa friji, mwalimu wa fizikia, na mimi ninayeshika lehemu na programu. Karakana iko Majengo. Bei zote ni shilingi za Kenya.

Fremu imekamilika: pembe za alumini, bati jembamba na ribiti. Sh 3,300. Hakuna la kueleza hapo, mtu yeyote anayetengeneza madirisha ya alumini atakukatia kwa nusu saa.

3 Agosti 2025: Mshipi haukufaa

Tulianza kwa kuuning'iniza mwili kwa mshipi wa kuvulia samaki (Sh 150). Ukiusukuma kidogo unazunguka vizuri, kisha unasimama na kurudi ulikotoka. Mshipi ukisokotwa hupinga, na upinzani huo ni mkubwa kuliko msukumo mdogo tunaotaka kuupima. Angani hakuna kinachokurudisha, kwa hiyo chombo kikianza kuzunguka kitaendelea hadi kitu kingine kikizuie. Beringi ya kawaida nayo hatukuitaka, maana msuguano wake huficha makosa madogo, na hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Tumehamia meza ya hewa. Diski ya chini ya pasipeksi, kipenyo sentimita 32, ina matundu 12 ya milimita 0.8, na hewa inaingia kutoka chini kwa presha ya baa moja. Diski ya juu inaelea juu ya utando wa hewa, ikiwa imezuiwa katikati na pini nyembamba isitoroke. Mwili unakaa juu yake. Hewa inatoka kwenye kompresa ya jirani yetu mpiga rangi za magari, ambaye hufunga kazi saa kumi, kwa hiyo sisi huanza saa kumi.

Diski mbili Sh 4,200, mpira, viungio na kidhibiti presha Sh 3,150.

24 Agosti 2025: Meza inajizungusha yenyewe

Mwili bado haukuwa na gurudumu wala gesi, lakini tulipoachia hewa ulianza kuzunguka kulia, taratibu, kisha kwa kasi. Kila mara kulia.

Hapa ndipo mtu anaweza kupoteza wiki nzima akishuku kitu kisicho na kosa. Kipimo kilichotupa jibu ni hiki: tuliongeza presha ya meza peke yake, na mzunguko ukaongezeka; tukaipunguza, ukapungua. Nguvu hiyo basi ilitoka mezani. Matundu yalikuwa yametobolewa kwa keekee ya mkono na yameinama kidogo, kiasi ambacho jicho halioni. Hewa ikitoka kwa mshazari husukuma diski ya juu kwa upande. Tulijaribu pia kuigeuza diski ya chini juu chini, tukidhani itazunguka kushoto. Haikubadilika, na mwalimu alipochora ubaoni tukaona kwa nini: tundu lililoinama likigeuzwa hubaki limeinama upande uleule ukilitazama kutoka juu.

Dawa yake ilikuwa diski mpya (Sh 2,100) iliyotobolewa kwa drili ya kusimama kwenye karakana ya Shimanzi (Sh 600). Sasa kilichobaki ni mwendo mdogo sana. Tunaupima mwanzoni mwa kila jaribio na kuutoa kwenye hesabu. Usiruke hatua hii, utaihitaji baadaye unapotafuta uvujaji.

Jambo la pili: uzito ukikaa kando ya mhimili, na meza ikiinama hata kidogo, mwili huyumba na kusimama mahali palepale kila mara. Tulisawazisha meza kwa pimamaji, halafu tukasogeza betri hadi mwili ukawa hauna upande unaoupenda.

14 Septemba 2025: Gurudumu

Chombo kisicho na kitu cha kushika angani hugeukaje? Unazungusha gurudumu zito ndani yake. Gurudumu likienda kulia, mwili unakwenda kushoto. MarCO zilikuwa na magurudumu matatu, moja kwa kila mhimili.

Letu ni mota ya diski ya kuhifadhia kutoka kompyuta kuukuu, tuliyoinunua kwa wauza skrepu. Mota ya kwanza ilikuwa na beringi iliyochoka na ikapiga kelele hadi tukaiacha. Ya pili ni safi (Sh 800 zote mbili). Pete ya shaba ya gramu 300 ilikerezwa kwa Sh 1,500, kidhibiti mota Sh 1,100.

Shida ilikuwa kwenye mwendo wa polepole. Mota hizi hazina kihisi cha kuonyesha rota iko wapi, kidhibiti hukisia kutokana na umeme unaozalishwa na mzunguko wenyewe. Karibu na sifuri umeme huo haupo, mota hutetemeka, na mwili wote hutetemeka nayo. Tulihangaika na programu tukitaka ipite sifuri kwa ulaini. Haiwezekani kwa mota hii. Suluhisho ni kutofika sifuri kabisa: gurudumu linazunguka mara 2,000 kwa dakika muda wote, na mwili unageuzwa kwa kulipandisha hadi 3,200 au kulishusha hadi 800. Wakati wa kuliwasha lazima mtu aushike mwili.

Lakini angalia mipaka hiyo. Kitu chochote kinachousukuma mwili upande mmoja, hata kwa unyonge, kitalilazimisha gurudumu liongeze kasi na kuongeza tena, hadi lifike 3,200. Baada ya hapo halina la kufanya. Setilaiti nyingi ndogo zinazozunguka Dunia hulipunguza kasi gurudumu kwa kutumia koili za umeme zinazosukumana na usumaku wa Dunia. Njiani kwenda Mirihi usumaku huo haupo, na Mirihi yenyewe haina usumaku wa sayari nzima kama wetu. Kule kilichobaki kwa chombo cha aina hii ni gesi. Kwangu mimi hii ndiyo tofauti kubwa ya kwanza kati ya ndugu wawili wale, na ndiyo iliyobadilisha mpango wetu: gesi, tuliyoiweka mwisho kama nyongeza, imekuwa kiini cha mradi.

19 Oktoba 2025: Gesi

MarCO zilitumia R236fa, gesi inayotumika pia kwenye vizima moto. Haiwashwi, hutolewa tu kupitia matundu manane, manne ya kugeuza chombo na manne ya kurekebisha njia. Uzuri wake ni kwamba hukaa kimiminika ndani ya tangi kwa presha ndogo. Ikipungua, kimiminika kingine huvukiza na presha hubaki karibu ileile, ilimradi joto lisibadilike.

Sisi tunatumia hewa ya kawaida ndani ya chupa ya soda ya lita 1.5, na hewa haina fadhila hiyo. Presha inaanza baa 4 na kushuka kila valvu inapofunguka, na msukumo unashuka nayo. Programu iliyofanya vizuri chupa ikiwa imejaa ilishindwa kabisa chupa ilipofika nusu. Tumeongeza kihisi cha presha ya oili ya gari (Sh 900), na sasa programu inasoma presha na kurefusha muda wa kufungua valvu ipasavyo.

Onyo: chupa ijaribiwe kwanza ikiwa imejaa maji, kwa baa 6, ndani ya ndoo iliyofunikwa. Maji hayabanwi, kwa hiyo chupa ikipasuka hakuna mlipuko. Ikifaulu, itumie kwa baa 4 na usizidishe. Fundi wetu wa friji ameona mitungi ikipasuka na hana mzaha na presha. Nasi tumefuata amri yake.

Valvu nne ndogo za solenoidi (zinazofunguliwa kwa umeme) za volti 12, Sh 3,800. Mirija na viungio Sh 1,750.

9 Novemba 2025: Valvu

Ingizo hili ni refu kwa sababu ndilo lililotufunza zaidi.

Mfumo ulipounganishwa wote, mwili uliielekea taa na kutulia. Gurudumu likaanza kupanda: 2,100, 2,300, 2,600. Chini ya dakika tatu lilifika 3,200 na mwili ukaanza kuzunguka. Gesi ilisukuma kinyume, gurudumu likashuka, likaanza kupanda tena. Chupa iliisha kabla hatujajua kinachoendelea.

Kwa kuwa mwendo wa meza tulikuwa tumeshaupima, tulijua si meza. Tulitoa chupa, tukaachia mwili bila gesi, ukatulia. Tuliirudisha chupa yenye presha huku umeme wa valvu zote umezimwa, ukazunguka. Valvu moja ilikuwa inapitisha hewa ikiwa imefungwa. Povu la sabuni halikuonyesha kitu kwenye viungio, ila tulipoliweka kwenye tundu la kutolea lilivimba polepole sana. Hesabu ya mwalimu ilionyesha uvujaji huo ulikuwa kama asilimia moja tu ya msukumo kamili. Asilimia moja, na chombo kizima kilishindwa.

Tulifungua valvu. Kwenye kikalio cha mpira kulikuwa na kipande cha utepe mweupe wa mafundi bomba, chembamba kama unywele. Kilikatika wakati wa kukaza kiungio na kusafiri na hewa hadi pale. Valvu ya pili ilikuwa na punje ya plastiki kutoka kwenye mrija tuliokata kwa msumeno.

Hili si tatizo la karakana ya Majengo pekee. MarCO-B ilisafiri hadi Mirihi ikiwa na tundu linalovuja, na waongozaji wake walilazimika kuishi na uvujaji huo njia nzima. CAPSTONE, chombo cha kilo 25 kilichorushwa na roketi ya Electron kutoka New Zealand tarehe 28 Juni 2022 kwenda Mwezini, kilianza kuzunguka ovyo mwezi Septemba kwa sababu valvu ya tundu moja ilibaki wazi nusu. Waongozaji wake waliitambua, wakabadilisha namna ya kukiongoza, na tarehe 13 Novemba kikaingia kwenye njia yake ya kuzunguka Mwezi. LunaH-Map, chombo kingine kidogo kilichoondoka na Artemis I, safari ya NASA ya kwenda Mwezini, tarehe 16 Novemba 2022, kilikuwa na valvu iliyokwama na hakikuweza kuwasha injini yake ya kuingia njia ya Mwezi. Vyombo vitatu vya watu waliobobea, na kila mara ni valvu. Nikisikia mtu anasema kwamba vyombo vidogo ni rahisi kwa sababu vipuri vyake ni vya bei ndogo, namwonyesha orodha hiyo. Katika chombo kikubwa valvu inayovuja huwa na nyingine nyuma yake ya kuifunga. Kwenye chombo kidogo hakuna nafasi, na mara nyingi hakuna fedha.

Tulichobadilisha:

Utepe mweupe hauguswi tena. Viungio vyote sasa vina pete za mpira. Mirija inakatwa kwa wembe, kamwe si kwa msumeno, na kila mrija unapulizwa kwa hewa kabla haujaunganishwa na valvu. Kabla ya valvu zote tumeweka chujio cha petroli cha pikipiki (Sh 150). Valvu mbili zilizokwaruzika zimebadilishwa, Sh 1,900. Kusafisha hakukutosha, kikalio cha mpira kikishapata alama kitavuja tu.

La mwisho ni la programu. Sasa inaangalia gurudumu lenyewe. Likipanda upande mmoja mfululizo wakati mwili umetulia, programu inaelewa kuna msukumo usioagizwa, inahesabu ukubwa wake, na kuufidia kwa valvu ya upande wa pili. Tulikwaruza valvu moja nzee makusudi ili kuijaribu. Chombo kinachovuja kilibaki kimeielekea taa hadi gesi ilipoisha. Sijawahi kufurahi hivyo karakanani.

16 Novemba 2025

Hakuna kazi iliyofanyika, ila inafaa iandikwe: tarehe 13 roketi ya New Glenn imerusha ESCAPADE, vyombo viwili vidogo vya Mirihi vinavyoongozwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kujengwa na Rocket Lab. Vitafika mwaka 2027. Ni vikubwa kuliko MarCO, lakini wazo ni lilelile la kutuma viwili vya bei nafuu badala ya kimoja cha gharama.

7 Desemba 2025: Jua na kaniki

Jua letu ni taa ya halojeni ya wati 500 (Sh 1,200). Vihisi vilikuwa fotodiodi nne kwenye pembe. Mwili uliielekea taa jioni fulani na kuelekea ukutani jioni nyingine. Ukuta wetu umepakwa chokaa nyeupe, na taa ikisogezwa pembeni mwanga unaorudi kutoka ukutani unakaribia ule wa taa yenyewe.

Tumezungushia meza kaniki, madukani Sh 1,300, na kosa likaisha. Angani hakuna ukuta, lakini kuna Dunia na Mirihi zinazorudisha mwanga wa Jua, kwa hiyo programu sasa inakataa chanzo chochote kilicho hafifu kuliko kiwango tulichokiweka. Kiwango hicho nacho kinataka uangalifu. Mwanga wa Jua kwenye umbali wa Mirihi ni kama wati 590 kwa mita ya mraba, dhidi ya 1,361 huku kwetu. Ukikiweka kwa kupima karibu na Dunia tu, chombo kitalikana Jua lenyewe kikifika mbali. Tunajaribu kwa kuisogeza taa nyuma hadi mwanga ushuke kwenye asilimia 43.

Mawasiliano na MarCO-B yalikatika tarehe 29 Desemba 2018 na MarCO-A tarehe 4 Januari 2019, vyote vikiwa vimeshaipita Mirihi. NASA ilitaja mambo yanayoweza kuwa chanzo, na miongoni mwake ni tundu linalovuja na vihisi vya mwanga vinavyokiweka chombo kikilielekea Jua ili kichaji betri. Mambo yote mawili yako kwenye meza yetu.

Kompyuta ndogo ya ESP32, jairoskopu (kihisi cha mzunguko), fotodiodi, betri sita na kichajio: Sh 4,600.

11 Januari 2026: Ombwe

Fundi alileta pampu yake ya kunyonyea hewa kwenye friji, ili tupate ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa kama ilivyo angani. Tulinunua sufuria nene ya alumini (Sh 2,800), kifuniko cha pasipeksi cha milimita 20 (Sh 3,500) na mpira wa kuzuia hewa (Sh 700). Hewa ya nje hukandamiza kifuniko cha sentimita 24 kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 460 hivi, kwa hiyo usitumie kioo cha dirisha, na vaa miwani.

Kompyuta iliyokuwa nyuzi 46 hewani ilifika 68 ndani ya ombwe, kazi ileile, muda uleule. Hewa ndiyo iliyokuwa ikiipoza bila sisi kuiona. Ukanda wa alumini kutoka kwenye chipu hadi kwenye fremu, ukiwa na krimu ya kupitisha joto, umeishusha hadi 53.

Jambo ambalo hatukulitarajia ni silikoni. Tulikuwa tumebandika waya kwa ile yenye harufu ya siki. Baada ya jaribio fotodiodi zilikuwa na ukungu juu yake na shaba iliyo karibu ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Gundi huendelea kutoa mvuke, na ndani ya ombwe mvuke huo hutua kwenye kilicho baridi zaidi, mara nyingi lenzi au kihisi. Waya zote zimefungwa upya kwa uzi.

1 Februari 2026: Redio tumeiacha

Wengi wameuliza kwa nini mwili hauna redio. Jibu liko kwenye hesabu. Setilaiti iliyoko kilomita 400 juu yetu na MarCO iliyokuwa kilomita milioni 146 siku ya InSight zinatofautiana umbali mara 365,000, na nguvu ya ishara hupungua kwa mraba wa umbali: mara bilioni 133. Hakuna jaribio la mezani litakaloonyesha hilo. MarCO zililishinda kwa antena bapa iliyokunjuka na kuelekezwa Duniani, na kwa antena kubwa za NASA huku chini, zikipitisha biti 8,000 tu kwa sekunde. Antena hiyo ilihitaji kulenga vizuri, na kulenga ndiko tunakojifunza kwenye meza hii.

15 Februari 2026: Jaribio la pamoja, na hesabu

Mwili uliachiwa ukizunguka gizani, taa ikawashwa. Uliituliza kasi yake, ukaitafuta taa, ukaishika ndani ya nyuzi mbili, na kila gurudumu lilipokaribia mpaka gesi ililirudisha. Uliendelea hivyo hadi tulipouzima sisi.

Gharama yote ni Sh 39,500. Vilivyoharibika au kuachwa, yaani mshipi, diski ya kwanza, mota ya kwanza na valvu mbili, vinafika Sh 4,550. Meza ya hewa, taa, kaniki na sufuria ya ombwe ni Sh 19,550. Hizo ni karibu nusu ya fedha zote, na hakuna hata moja kati yake ambayo ingekwenda angani. Ukitaka kuiga mradi huu kwa fedha pungufu, punguza kwenye chombo. Vifaa vya kujaribia viache kama vilivyo.

Hatua inayofuata haihitaji kununua kitu. InSight ilikuwa iondoke Machi 2016, ikaahirishwa hadi Mei 2018 kwa sababu ya uvujaji kwenye kifaa chake cha kupimia mitetemo, na MarCO zikasubiri nayo. Vyombo kumi vya Artemis I vilipakiwa mwaka 2021 na kuondoka Novemba 2022, na baadhi yake havikuweza kuchajiwa katikati. Leo tumeufunga mwili kwenye sanduku ukiwa na volti 4.05 kwa kila betri na baa 4 kwenye chupa. Utafunguliwa mwanzoni mwa Juni na kuwekwa mezani bila kuchajiwa wala kuongezwa hewa. Volti na presha tutakazozikuta zitaandikwa hapa kabla ya taa kuwashwa.